Likizo ya Agosti: watoto waliomba bahari, tukawapeleka Mbita, Ziwa Victoria

MamaWatatuNax · Jumanne, saa 2:40 usiku

Wadau, hamjambo. Niliahidi kwenye ule uzi wa karo kwamba tukirudi salama nitaandika. Tumerudi Jumapili. Nguo zimefuliwa mara mbili na begi la kitinda mimba bado linanuka omena, wale dagaa wa ziwani, kwa hiyo acha niandike kabla harufu haijaisha.

Tuna watoto watatu. Kifungua mimba ana miaka 14 na siku hizi hacheki ovyo. Wa kati ana 10, wa mwisho ana 6. Tangu mwaka jana nyumbani wimbo ni mmoja, bahari. Jirani zetu walikwenda Mombasa wakarudi na chupa ya makombe, wakaiweka dirishani, na dirisha lao linatazamana na jikoni kwetu. Kila nikiosha vyombo naiona. Watoto nao wanaiona. Basi Julai mimi na baba yao tukakaa na daftari: Nakuru hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, hoteli siku tano, vinywa vitano, na ni Agosti. Tukalifunga daftari. Mzee ndiye aliyesema, "Kwani maji si maji? Twende ziwani." Wa kati akauliza kama ni lile la flamingo. Tukamwambia hapana, hili ni lile ambalo huoni ng'ambo.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya uzi huu. Niliwaambia, "Tunaenda bichi."

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Salgaa, Mau Summit, Londiani na baridi yake, Kericho chai kushoto chai kulia. Kisha barabara inaanza kushuka, na kila mteremko mtu anavua kitu. Kapsoit masweta, Awasi soksi, na kufika Ahero kwenye mashamba ya mpunga baba yao alikuwa amebaki na fulana. Katito tukakata kuelekea Kendu Bay na Homa Bay. Ziwa lilipotokea mkono wa kulia wa kati akapiga kelele, "Bahari!" Mimi nikanyamaza. Ningemsahihisha pale pale ningejiokoa na mengi.

Mbita tulifika kama saa nane mchana. Loji tuliyolipia tukakuta chumba chetu kimepewa watu wa harusi. (Siwataji. Walitupangia kwingine jioni, na huko kwingine kulikuwa bora zaidi, kwa hiyo hata kulalamika nimeshindwa.) Watoto hawakutaka kusubiri. Wakavaa nguo za kuogelea ndani ya gari, kitinda mimba akashika ndoo na kijiko cha plastiki tulichomnunulia mjini Nakuru, nikamuuliza mwendesha boda, "Bichi iko wapi?" Akatuonyesha bila kusita.

Sasa pigeni picha. Mitumbwi imepangwa kama magari stendi. Nyavu zimetandazwa. Mizani inaning'inia kwenye kibanda cha mabati. Kongoti watatu wamesimama kama maaskari wa kaunti. Kijana anaosha pikipiki ndani ya maji. Wazee wanashona nyavu chini ya mti. Na katikati ya hayo yote familia kutoka Nakuru, watoto wamevaa chupi za maua, mama ameshika taulo. Mama mmoja aliyekaa juu ya beseni lililofunikwa akanitazama kuanzia kofia hadi kandambili, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mama, unauza ama unanunua?"

Nilikosa jibu. Kifungua mimba akageuka akarudi kwenye gari.

Nitaendelea kesho, huyu wa mwisho ameamka.

Salgaa Express · Jumanne, saa 2:58 usiku

Unauza ama unanunua! Nimecheka hadi abiria wa mbele ameniuliza kuna nini. Niko kituoni jamani, siendeshi.

Nyar Nam · Jumanne, saa 3:21 usiku

Dada, karibu kwetu, ingawa umeshaondoka. Nimezaliwa ng'ambo ya hapo, Rusinga, na huyo mama hakukudharau. Amekuuliza swali la kazi. Kwetu bichi ni ofisi. Ina kamati, ina mwenyekiti, ina katibu, ina daftari la nani ameleta kilo ngapi. Ukisikia Mjaluo anasema "niko bichi" ujue yuko kazini, hajalala kwenye mchanga na miwani ya jua. Kuja bichi na ndoo ya plastiki ni kama mimi kuingia soko la Wakulima Nakuru na kitanda cha kupumzikia.

Tena mmekuja saa mbaya. Saa nane mchana kazi imekwisha. Samaki amepimwa alfajiri, barafu imeondoka naye. Mlikuta watu wamechoka.

Mlipelekwa Takawiri? Huko kuna mchanga mweupe na minazi, ndiko ungeonyesha watoto "bichi" ya kalenda.

Mja na Maji · Jumanne, saa 3:47 usiku

Mimi ni mtu wa Pwani, kazi ndiyo imenileta Kisumu, mwaka wa nne huu. Nimeusoma uzi huu kwa furaha, ila niruhusuni kidogo.

Dada, mahali pale pana jina la Kiswahili, na ni zuri kuliko hilo la Kizungu. Panaitwa *diko*. Diko ni pale vyombo vinapofikia, vinapopakia na kupakua. Babu yangu alikuwa mvuvi, na asubuhi hatukusema twenda bichi, twasema twenda dikoni kutazama kama babu kaja na kitoweo. Hata kwetu, zile fukwe ambazo leo zimejaa vitanda vya hoteli, kadhaa zilikuwa madiko. Kwa hiyo mlichokiona Mbita ndicho ambacho sisi kwetu twakiona kwa nadra sasa.

Na lingine. Ziwa halina pwani. Pwani ni pale maji yanapopwa, yanaondoka yanauacha mchanga wazi, kisha yanajaa tena. Ziwa halipwi wala halijai kwa saa. Lina ufuo, lina ukingo. Siku ya kwanza nilipofika Dunga nilikaa saa sita nikingoja maji yatoke. Nilichekwa na mtoto.

MamaWatatuNax · Jumatano, saa 1:15 usiku

Mja na Maji, huyo wa 10 wangu aliniuliza swali lile lile! Amesoma shuleni habari za kupwa na kujaa, akawa anauliza kila baada ya nusu saa, "Maji yatatoka saa ngapi?" Baba yake akamjibu, "Haya hayatoki, yanakaa." Sasa nitamwambia kuna mtu mzima aliyekaa saa sita.

Diko. Nimelipenda. Naendelea.

Siku ya kwanza ile ilikuwa msiba mdogo. Kitinda mimba aliingia majini hadi kiunoni kabla sijamshika (najua, najua, nitawasikia wa afya hapa chini). Akaonja. Akatoka amekunja uso: "Haina chumvi. Hii si bahari. Umedanganya." Mbele ya wale wazee wa nyavu. Mmoja akasema kitu kwa Kijaluo, wote wakacheka, na sijui walisema nini hadi leo.

Jioni tukala ngege wa mchuzi na ugali kwenye kibanda, na nyie mnaosema mmekula samaki Nakuru nawaombea. Lakini watoto walikuwa wamenuna. Usiku nikamwambia mzee kesho turudi Kisumu angalau waone treni na meli. Akasema sawa.

Kisha kama saa tatu kifungua mimba, yule asiyecheka, akaja kugonga. "Mama, kuna mji kule majini."

Tukatoka. Mwezi haukuwepo kabisa, giza la kukata kwa kisu. Na kule ziwani, mbali, kulikuwa na taa. Si kumi, si hamsini. Mstari mzima wa taa kutoka kushoto hadi kulia, nyingine zikitikisika, kama Nakuru unapoitazama usiku kutoka juu Menengai. Niliapa ni Uganda. Mlinzi wa loji akasema, "Hapana mama, hao ni watu wa omena."

Akatueleza, nasi tumekaa kwenye ngazi na blanketi. Taa inaelea juu ya maji, omena wanafuata mwanga, wanajaa chini yake, kisha wavuvi wanazungusha wavu wa macho madogo. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na za sola. Kazi hii inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu maji yote yanang'aa, omena hana haja ya kufuata taa ya mtu, na wavuvi wanakaa nyumbani kurekebisha nyavu.

Hatukurudi Kisumu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa bichi. Samahani, dikoni. Bila ndoo, bila nguo za kuogelea. Wanawake wamejipanga na mabeseni, mitumbwi inaingia mmoja mmoja imelala majini kwa uzito, na omena anang'aa kama misumari mipya. Yule mama wa jana akaniona. Safari hii nilikuwa na jibu. "Nanunua," nikamwambia.

Bwana Ndoano · Jumatano, saa 1:40 usiku

Mama Watatu mlikuwa na bahati ya mgeni. Upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili wazaliane. Agosti ndio mlango umefunguliwa, watu wana njaa ya kazi. Mngekuja Juni mngekuta ziwa jeusi tititi. Kwa wanaopanga safari: tazama kalenda ya mwezi kabla ya kutazama bei ya loji. Wiki ya mwezi mwandamo ndiyo yenyewe. Wiki ya mwezi mpevu mtalala tu.

Klinikal · Jumatano, saa 2:05 usiku

Nilijua nitaitwa. Dada, nimefanya kazi kando ya ziwa hili miaka mingi na sitakuficha: maji ya ukingoni, yale ya kina kifupi yenye majani, ndiyo yenye kichocho. Vijidudu vinatoka kwenye konokono wa majini, vinapenya ngozi, wala mtoto hasikii kitu zaidi ya kujikuna pengine. Huyo wa 6 mpeleke akapimwe, lakini usikimbie wiki hii. Subiri wiki sita hadi nane tangu alipoingia majini. Ukipima sasa huenda usione kitu, na dawa yenyewe inaua minyoo iliyokomaa, wale wachanga inawaacha. Weka tarehe kwenye simu. Dawa ipo na inatibu, usikose usingizi.

Kwa wengine: maji ya ziwa ya kuoga yakikaa kwenye tangi siku mbili bila kuguswa, hivyo vijidudu vinakuwa vimekufa. Na sisi wa hapa tusijidanganye kwamba tumezoea.

La pili, malaria. Watoto wa Nakuru wametoka mahali pa juu penye mbu wachache, miili yao haijazoea. Mlilala ndani ya neti? Mtoto yeyote akipata homa mwezi huu, usiseme ni mafua ya safari. Pima siku hiyo hiyo, na umwambie daktari mlikuwa Mbita.

MamaWatatuNax · Jumatano, saa 2:22 usiku

Neti tulilala, dawa ya kujipaka tulijipaka hadi taa ikawa inateleza mkononi. Ya kichocho nimeweka tarehe, wiki ya kwanza ya Oktoba. Baada ya siku ile ya kwanza hakuna aliyeingia majini tena isipokuwa kwa boti. Asante, na asante kwa kutonikaripia zaidi ya hapo. Mama mkwe ameshafanya hiyo kazi.

Kijana wa Dunga · Jumatano, saa 2:50 usiku

Sielewi. Mmepita Ahero, mkabakisha safari fupi kufika Kisumu, mkakata kona kwenda kwenye barabara ndefu. Dunga tuna njia ya mbao juu ya mafunjo, tuna boti, tuna viboko, tuna samaki. Jioni vibanda vya samaki kando ya maji. Reli inafika hadi Kisumu. Mbita mnafuata nini?

Nyar Nam · Jumatano, saa 2:58 usiku

Dunga unaona ghuba, mdogo wangu. Na miezi mingine huoni hata ghuba, unaona gugu maji hadi upeo wa macho, kama uwanja wa mpira. Mbita ndipo mlango wa ghuba ulipo. Ukivuka hapo ndipo ziwa lenyewe linaanza.

Kijana wa Dunga · Jumatano, saa 3:01 usiku

Gugu maji linakuja na kuondoka. Ninyi mlikuwa na tuta lililoziba huo mlango tangu miaka ya 1980, maji yanakosa pa kupita, halafu ghuba ikichafuka tunalaumiwa Kisumu.

Nyar Nam · Jumatano, saa 3:06 usiku

Na sasa kuna daraja, maji yanapita. Hilo nakupa nusu.

Mwalimu wa Jiografia · Jumatano, saa 3:30 usiku

Nikiwa mstaafu nina haki ya kusumbua. Nimeona mtu kwenye uzi mwingine akiliita ziwa hili "bahari ndogo". Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo ukiziunganisha Rwanda na Burundi bado linazizidi. Lakini kwa kina ni sahani: mahali pa kina zaidi ni kama mita 80 hivi. Tanganyika inapita mita 1,400. Ziwa pana lisilo na kina huchafuka haraka upepo ukivuma, na ndiyo maana wenyeji watakuambia vuka asubuhi. Kenya yetu tunamiliki takriban asilimia 6 tu, na kwa hizo sita tumeshatoleana macho na Uganda kwa sababu ya Migingo, mwamba ambao hata uwanja wa mpira hautoshi.

Maji yanatoka kwa mlango mmoja tu, Jinja. Ni Nile hiyo.

MamaWatatuNax · Jumatano, saa 4:10 usiku

Mwalimu, hiyo ya Jinja niliambiwa na nahodha wetu na nikafanya kosa la kumwambia wa kati. Alikunja mashua ya karatasi, akaandika "KWA MTU WA MISRI", akaiachia upande wa nje wa daraja. Ilizama kama mita tano hivi mbele yetu. Hajakubali kwamba ilizama.

Kuhusu upepo, hilo tuliliona kwa macho. Asubuhi maji yalikuwa kama kioo, tukakodi boti kuzunguka kisiwa cha ndege na kufika Takawiri (Nyar Nam, ndiyo, tulifika, na minazi ipo kweli, nikapiga picha ambayo nimeituma kwa jirani bila maelezo). Nahodha alituambia tuondoke Takawiri kabla ya saa saba. Baba yao akataka nusu saa zaidi, samaki hajaiva. Tuliondoka saa nane. Jamani. Mawimbi hayakuwa makubwa ya kutisha kama kwenye sinema, yalikuwa mafupi mafupi, yanagonga kama mtu anayebisha mlango kwa hasira. Tulilowa hadi mfupa. Watoto walikuwa na laifujaketi, kwa sababu hapo nilikuwa nimekataa katakata kupanda hadi zije tano. Nahodha wa kwanza alikuwa na mbili akasema "hakuna shida, ni karibu". Nikamwacha na ukaribu wake. Huyu wa pili alitoza zaidi na nilimlipa bila kupiga kelele.

Baba Mapacha Eldi · Alhamisi, saa 1:05 asubuhi

Tupeni hesabu basi, mambo ya mashua ya karatasi baadaye.

MamaWatatuNax · Alhamisi, saa 6:30 mchana

Hahaha, haya. Kwa siku nne, mafuta, loji vyumba viwili, chakula na boti, tulitumia pungufu ya theluthi ya ile hesabu ya Mombasa ya daftarini. Boti ndiyo ilikuwa ghali kuliko kitu kingine chochote. Bei ya boti unapatana kwa boti nzima, si kwa kichwa, na unapatana jioni kwa ajili ya kesho yake, kwa sababu asubuhi wakikuona na watoto wamesimama tayari umeshashindwa. Samaki usinunue hotelini. Nenda alfajiri dikoni, nunua, mpelekee mama wa kibanda akupikie, mlipe kazi yake.

Shosho wa Njoro · Alhamisi, saa 8:15 mchana

Mwanangu, mlifika kwenye kaburi la Tom Mboya, yule waziri wetu? Alipouawa nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wetu alitoka nje akasimama nyuma ya darasa peke yake, sikujua mwanamume analia hivyo.

MamaWatatuNax · Alhamisi, saa 2:20 usiku

Shosho, tulifika. Siku ya tatu tulivuka daraja kuingia Rusinga. Kaburi lake limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Ukilitazama kwa mbali hujui, ukiambiwa huwezi tena kuliona kwa namna nyingine. Wa mwisho alikimbizana na mbuzi wa jirani na nikamwacha.

Kifungua mimba alisoma tarehe mara mbili. Tarehe 15 Agosti 1930, tarehe 5 Julai 1969. Akahesabu kwa vidole, akaniuliza, "Mama, wewe una miaka mingapi?" Nikamwambia 39. Akasema, "Alikuwa hajafika." Kisha hakusema kitu mpaka tumerudi garini. Huko garini ndiko aliuliza: nani aliyemtuma yule aliyefyatua? Baba yake akatazama barabara. Mimi nikatazama ziwa. Shosho, wewe ungemjibu nini?

Shosho wa Njoro · Alhamisi, saa 2:41 usiku

Ningemwambia hata sisi tuliuliza.

Mwalimu wa Jiografia · Alhamisi, saa 2:55 usiku

Na kisiwa hicho hicho ndipo Mary Leakey alipookota fuvu la nyani wa kale mwaka wa 1948, wa takriban miaka milioni 18. Kwa muda mrefu aliitwa Proconsul. Mwaka wa 2015 wanasayansi wakampa jina jipya, Ekembo, neno la Kisuba. Nafurahi kila nikilitamka. Abasuba wenyewe wengi sasa wanazungumza Kijaluo, lugha yao imebaki kwa wachache, lakini mnyama wa miaka milioni 18 anaitwa kwa Kisuba dunia nzima.

Nyar Nam · Alhamisi, saa 3:10 usiku

Bibi yangu alikuwa Msuba. Alitukana kwa Kisuba tu. Ndiyo sehemu niliyoirithi.

Dada, mkirudi siku nyingine simameni Kendu Bay, msipite tu. Kuna msikiti wa kale, na kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la duara, maji yake ya magadi, hayana samaki. Wanasema palikuwa na kijiji. Usiku wa sherehe akaja bibi kizee mwenye matambara akaomba chakula na pa kulala, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Bibi akamwambia uondoke wewe na watu wako. Kisha mvua. Kijiji chote kiko chini ya yale maji. Nyumbani kwetu mgeni hata akiwa mlevi anapewa kiti, na sababu tulipewa ni hiyo.

Salgaa Express · Alhamisi, saa 3:18 usiku

Sasa nimeelewa kwa nini Mama Watatu hakufukuzwa bichi na ndoo yake.

Mja na Maji · Ijumaa, saa 12:50 asubuhi

Dada, hukutumalizia. Ulimwambia yule mama "nanunua". Kisha?

MamaWatatuNax · Ijumaa, saa 3:00 usiku

Kisha nikauziwa beseni zima, kwa sababu sikujua omena anauzwaje na niliona haya kuuliza nusu. Wabichi. Nimesimama na beseni la omena wabichi na loji haina jiko.

Yule mama alicheka hadi akakaa chini. Akasema, "Wacha tuanike." Tukatandaza wavu wa zamani juu ya nyasi na watoto wakapewa kazi. Wa kati kuwageuza, kifungua mimba kuokota takataka na samaki wengine waliochanganyika, na kitinda mimba, kwa vile alikuwa na ndoo na kijiko chake, akafanywa mkuu wa kufukuza ndege. Alikimbia saa tatu mfululizo. Mama yule alimwita *nyathina*, yaani mwanangu, na huyu mtoto ambaye nyumbani haokoti hata kiatu chake akawa anaitika.

Akanifundisha mambo mawili matatu. Omena aliyeanikwa moja kwa moja kwenye mchanga ndiye yule anayekukwaruza meno, na mnunuzi anamjua kwa kumsugua kiganjani. Mvua ikinyesha kabla hajakauka, bei inaanguka, anaishia kuwa chakula cha kuku, na mwenye mkopo bado anadaiwa mkopo. Kila wingu dogo lilipopita aliinua macho. Nami nikajikuta nainua. Mzee wangu akasema tulikuja kupumzika na sasa tunaogopa mvua ya watu wengine.

Jua lilitupendelea. Jioni walikuwa wamekauka. Akakataa pesa ya wavu. Tulimwachia sukari na majani ya chai ya Kericho tuliyokuwa tumenunua njiani, akasema hiyo sawa, hiyo ni ya wageni.

Tulirudi kwa feri hadi Luanda K'Otieno, gari na kila kitu ndani, kama saa moja hivi juu ya maji, kisha Bondo na Kisumu. Kijana wa Dunga, tulikula samaki kwenu Kisumu, tulia sasa.

Kijana wa Dunga · Ijumaa, saa 3:04 usiku

Nimetulia.

Bwana Ndoano · Ijumaa, saa 3:12 usiku

Na hao omena wamekwisha?

MamaWatatuNax · Ijumaa, saa 3:25 usiku

Nusu tumegawa, robo tumekaanga na nyanya na vitunguu. Waliobaki kitinda mimba amewatia ndani ya chupa ya jamu, akaiweka dirisha la jikoni, akaigeuza kuelekea kwa jirani. Kifuniko amekitoboa matundu kwa msumari "wapumue".

Paka wa jirani amekaa chini ya dirisha letu tangu asubuhi, hajaondoka.